King'ora Kikilia Nyuma Yako: Mwongozo kwa Dereva wa Malindi

Kuanzia steji za boda za Maweni hadi foleni ya tuktuk sokoni, maswali ni yale yale. Askari anaruhusiwa kunikimbiza kwa sababu ya helmeti tu? Nikipenya kichochoroni akaniacha, kosa limekwisha? Anaweza kupiga tairi risasi? Na mtu aliyesimama zake kando ya barabara, akagongwa katika mkimbizano usiomhusu, amdai nani?

Jibu la kushika kabla ya mengine yote: polisi ana ruhusa ya kukufuata, ila kwa masharti. Wewe huna ruhusa ya kukimbia, hata kama unaona amekuonea. Akivunja masharti yake, kosa lake lina mahali pake pa kushtakiwa, na mahali hapo si barabarani. Hatua zilizo hapa chini ni za dereva wa gari, tuktuk na boda, na kuna sehemu ya abiria na ya mpita njia.

Uwe na nini kabla ya kuwasha injini

- Leseni ya daraja linalolingana na chombo. Boda ya biashara na tuktuk ni A3. Daraja B haliendeshi tuktuk ya abiria, hata ukiwa dereva hodari namna gani. Kutembea bila leseni ni faini ya shilingi 1,000 kwa viwango vya 2016, hata kama unayo imelala nyumbani.
- Cheti cha bima ambacho hakijaisha. Angalia tarehe leo. Ukisubiri mpaka usimamishwe, utakuwa umechelewa.
- Kwa boda: helmeti mbili, rifleta mbili, abiria mmoja. Mara nyingi mikimbizano ya boda mjini huanzia hapa, kwenye upungufu ambao faini yake ni ndogo.
- Kwa gari: pembetatu za dharura, na namba za usajili zinazosomeka mbele na nyuma. Namba iliyopakwa matope humfanya askari akudhanie mengine.
- Simu yenye chaji, na namba hizi zimehifadhiwa: 999 na 112 za polisi, 1559 ya IPOA (mamlaka huru inayosimamia polisi), 1551 ya EACC kwa mambo ya hongo. Ongeza ya mwenyekiti wa steji na ya ndugu mmoja anayepokea simu usiku.
- Kalamu na karatasi. Simu huweza kuzima, au ikachukuliwa.

Sheria kwa ufupi

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya mji. Kikomo hicho hakilifungi gari la polisi, la zimamoto wala ambulensi likiwa kazini, iwapo kukifuata kungekwamisha kazi yenyewe. Lakini msamaha huo ni wa kasi peke yake. Dereva wa polisi bado ana wajibu wa kuangalia usalama wa watu wengine. Akimgonga muuza mahamri kwa sababu alikuwa mbioni nyuma ya boda, king'ora hakimkingi.

Sheria hii haina orodha ya kusema kosa hili fukuza, hili acha. Kinachopima mkimbizano ni wajibu huo wa usalama, pamoja na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Jedwali la Sita la sheria hiyo linamtaka askari aanze na njia zisizo za nguvu, na akilazimika kutumia nguvu, ziwe za kiasi: zilingane na uzito wa kosa na ukaidi wa mtu. Kwa hiyo helmeti na wizi wa mabavu havipimwi kwa mizani moja. Amri ya mkubwa wake si kisingizio cha kutumia nguvu isivyo halali. Na askari aliyevaa sare anatakiwa awe na jina au namba ya huduma mahali panapoonekana.

Bunduki ina masharti yake. Inaruhusiwa pale tu njia nyepesi zaidi hazitoshi, kwa mambo kama kuokoa maisha, kujikinga na hatari ya kifo au jeraha baya iliyo mbele ya macho, au kumzuia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa la jinai asitoroke kizuizini. Askari anatakiwa ajitambulishe na atoe onyo wazi kwanza, isipokuwa kuonya kwenyewe kungehatarisha maisha. Boda aliyekwepa kituo cha ukaguzi kwa sababu hana rifleta hamo katika orodha hiyo.

Video za Marekani zinazozunguka kwenye simu zisikufundishe. Huko askari hugonga gari kwa ubavu likazunguka. Mwaka 2007, katika kesi ya Scott v. Harris, mahakama yao ya juu kabisa ilikubali kwamba askari aliyeligonga gari la dereva mtoro hakuvunja katiba, ingawa dereva alipooza, kwa kuwa mbio zake zilihatarisha watu wengine. Tangu 1985, katika Tennessee v. Garner, ilishasema mtoro asiye hatari hapigwi risasi kwa sababu tu anakimbia. Ni sheria ya kwao na barabara za kwao. Mahakama ya Malindi inasoma Katiba ya Kenya ya 2010.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha kama ni wewe anayetakiwa. Ukisikia king'ora au ukiona taa za buluu kwenye kioo, achia mafuta, washa indiketa ya kushoto, usonge kushoto. Gari lenye safari yake litakupita na utaendelea na njia yako. Likibaki nyuma, au askari akikupungia mkono, ni wewe. Usikanyage breki ghafla. Kwenye lami kavu na matairi mazima, gari la kilomita 50 kwa saa huhitaji kama mita 28 kusimama, ukihesabu na sekunde moja ya kushtuka. La kilomita 80 huhitaji kama mita 58. La 110 hukaribia mita 100, urefu wa uwanja wa mpira. Aliye nyuma yako naye anahitaji nafasi hiyo.

2. Chagua mahali, lakini usivute muda. Mita 100 au 200 zinaeleweka, kilomita tano hazieleweki. Usisimame kwenye kona, juu ya daraja la Sabaki, wala mbele ya lango la shule. Tafuta bega la barabara lililo pana. Sehemu nyingi za pembeni hapa kwetu kingo za lami zimeliwa na mchanga umelala juu yake, basi shuka hadi kilomita 20 kwa saa kabla gurudumu halijaacha lami. Tuktuk ndiyo ya kuogopewa zaidi. Ina gurudumu moja mbele, na ukikata usukani kwa kasi huku gurudumu la kushoto limeshazama mchangani, inalala.

3. Zima injini na uonyeshe kwamba umezima. Vuta breki ya mkono, washa taa za dharura, shusha kioo, na kama ni usiku washa taa ya ndani. Weka ufunguo juu ya dashibodi. Hili dogo lina faida kubwa: ugomvi wa askari kuingiza mkono dirishani na kunyakua ufunguo hutokana na hofu kwamba utaondoka tena. Kwa boda, abiria ashuke kwanza kwa upande wa kushoto, kisha zima, teremsha stendi, usimame kando ya pikipiki. Ukibaki umeikalia na injini inanguruma, yeye anaona mtu anayejiandaa kuruka.

4. Mikono ionekane. Iweke juu ya usukani. Usichakure droo wala usiiname chini ya kiti kutafuta karatasi kabla hajafika. Usishuke garini mpaka uambiwe. Waambie na abiria watulie, hasa yule wa nyuma mwenye kupenda kujibu.

5. Salimia, uliza, kisha toa karatasi. "Habari ya kazi, afande. Nimekosea wapi?" yatosha. Sema kabla ya kutenda: "Leseni iko mfuko wa nyuma, naitoa." Wakati anaisoma, soma jina au namba iliyo kifuani mwake, na ukumbuke namba ya gari lao. Magari mengi ya polisi yana namba zinazoanza na GK. Kama una malalamiko, yatunze moyoni mpaka hatua ya 10.

6. Akiwa hana sare, au gari halina nembo, badili mwendo na usikimbie. Kosa la kukataa kusimama limeandikwa kuhusu askari aliyevaa sare, na hofu ya kuporwa usiku si ya kubuni. Washa taa za dharura, shuka hadi kilomita 30 kwa saa, piga 999 au 112 useme uko wapi na gari gani linakufuata, uende polepole hadi kituo cha petroli kilicho na watu au kituo cha polisi kilicho karibu. Pikipiki vivyo hivyo, ila simu apige abiria, au simama chini ya taa za duka lililo wazi. Kinachokutofautisha na mtoro ni ule mwendo wa pole na zile taa. Ukiongeza mafuta, umejinyang'anya utetezi wako.

7. Akitaka kupekua. Polisi anaweza kusimamisha na kupekua chombo akiwa na sababu ya msingi ya kushuku mali ya wizi au kitu haramu. Uliza kwa upole anatafuta nini, usimzuie kwa mwili, na umwombe afanye mbele yako. Mwanamke hupekuliwa mwilini na mwanamke mwenzake, kwa staha. Hilo limeandikwa katika sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, na halihitaji kuombwa kama fadhila.

8. Kama ni kosa dogo, malizana nalo kwa karatasi. Viwango vya 2016 vya makosa madogo ni hivi kwa yanayotukia sana: mwendesha pikipiki bila helmeti 1,000, kubeba zaidi ya abiria mmoja 1,000, kupuuza maelekezo ya askari mwenye sare 3,000, kukataa kusimama ulipoamriwa 5,000. Utapewa hati yenye kosa, kiasi na tarehe ya mahakama. Ukikubali kosa, lipa kwa njia iliyoandikwa kwenye hati na utunze risiti. Ukipinga, nenda mahakamani tarehe hiyo. Pesa haitoki mfukoni mwako kuingia mkononi mwa askari. Sheria ya Hongo ya 2016 inamkamata mtoaji sawasawa na mpokeaji.

9. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kiwe kichwani. Una haki ya kuambiwa sababu papo hapo kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya saa za mahakama, unafikishwa siku inayofuata ya mahakama. Hapo ndipo penye shimo la Ijumaa jioni: anayekamatwa saa kumi na moja Ijumaa anaweza kulala ndani hadi Jumatatu bila katiba kuvunjwa. Kwa hiyo omba dhamana ya kituoni mapema, kabla ofisa mwenye mamlaka ya kuitoa hajaenda nyumbani. Makosa ambayo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, hayamweki mtu rumande.

10. Andika ndani ya saa moja. Tarehe, saa, mahali kwa alama inayojulikana ("mita chache baada ya lango la uwanja wa ndege, upande wa kuelekea Gede"), namba ya gari, jina au namba ya askari, maneno yaliyosemwa, na mashahidi. Ukiwa kituoni, omba namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Bila namba hiyo kila ofisi utakayoingia itakuanzisha upya.

Makosa yanayorudiwa kila siku

Kugeuza ukiona kizuizi. Huenda ulikuwa umesahau maji ya betri nyumbani, nani ajuaye. Lakini boda inayokata kona mita 80 kabla ya askari ndiyo inayoanzisha mkimbizano. Pita mbele yao hata ukiwa na upungufu. Faini ya helmeti ni 1,000. Ukikimbia, kuna 5,000 ya kukataa kusimama, na kama ulipita upande usio wako au katikati ya watu, shtaka linapanda hadi kuendesha kwa hatari, ambalo ni faini ya hadi 100,000 au kifungo cha hadi miaka 2. Mtu akifa, ni kifungo cha hadi miaka 10.

Kuingia mitaani. Wanaoijua Kisumu Ndogo au Barani hudhani vichochoro ni kimbilio, kwani gari kubwa la polisi haliingii. Ni kweli haliingii. Vilivyomo humo ni watoto, mikokoteni ya maji na kamba za nguo kwenye kimo cha shingo.

Kufikiri kwamba akikuacha, umeshinda. Askari mwenye akili timamu huacha kufukuza pale hatari ya mbio inapozidi uzito wa kosa, na kufanya hivyo ni kazi nzuri aliyoifanya. Ameshasoma namba yako. Namba inampeleka kwa mwenye chombo, na mwenye chombo anawajibika kisheria kusema nani alikuwa akiendesha. Kwa boda wengi mwenye chombo ni tajiri wa pikipiki, na tajiri akiitwa kituoni mara moja, pikipiki hubadilisha mwendeshaji.

Kuchanganya dhamana na faini. Hili linawaumiza wengi zaidi kuliko yote. Pesa uliyoweka kituoni ili utoke ni rehani ya kwamba utafika mahakamani. Usipofika, pesa inataifishwa na hati ya kukukamata inatolewa, kisha unashangaa miezi mitatu baadaye ukishikwa tena kwa jambo "ulilolipa". Ukifika na kesi ikaisha, pesa ya dhamana inarudishwa. Risiti itunze kama unavyotunza logibuku.

Kubishana kwa ushahidi wa wengine. "Mbona yule umemwacha?" haijawahi kumwokoa mtu.

Kama wewe ni abiria na dereva ameamua kukimbia

Usiruke. Kuanguka kutoka pikipiki ya kilomita 40 kwa saa kuna nguvu sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 6 hivi. Mshike kiunoni, kaa karibu naye, magoti yabane, na umwambie sikioni kwa sauti ya kuagiza: "Nishushe hapa." Usimvute bega wala usimgeuze kichwa, kwani atayumba. Akipunguza mwendo kwenye tuta au kona akasimama kabisa, shuka, simama pale pale na mikono iwe wazi. Ukikimbia kuelekea upande mwingine, askari atawahesabu wawili.

Kwa matatu, msimkaripie dereva wote kwa pamoja. Mtu mmoja azungumze na utingo. Matatu haitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa hata nje ya mji, na kidhibiti mwendo kimewekwa kwa kazi hiyo. Ikiwa inapita gari za watu binafsi kama zimesimama, kidhibiti kimeshachezewa, na hilo pekee yatosha kuripoti ukishuka.

Ukielekea Garsen na Lamu

Baada ya Sabaki hesabu inabadilika. Barabara ya Garsen, Witu hadi Mokowe imeshuhudia mashambulizi ya kigaidi tangu 2014, mabasi husindikizwa na askari, na vizuizi ni vingi. Sheria ya polisi inaruhusu kuweka vizuizi barabarani na kuchukua hatua za kiasi kuzuia chombo kisipite. Mjini Malindi dereva anayepita kizuizi anadhaniwa mkosaji wa trafiki. Kule askari aliye nyuma ya gunia la mchanga ana sababu ya kudhani kitu kingine, na ana sekunde chache za kuamua.

Basi punguza hadi kilomita 20 kwa saa ukiwa mbali, usiku shusha taa kubwa na uwashe ya ndani, usimpite gari lililosimama mbele yako kwenye foleni ya kizuizi, na simama kabisa hata kama hakuna aliyekuinulia mkono. Subiri ishara. Kama unasafiri na msafara, usiuache wala usiupite kwa sababu basi la mbele linakuchelewesha. Kitambulisho kiwe mkononi kwa kila mtu aliyemo.

Umegongwa na mkimbizano usiokuhusu

Hapa pana saa inayokimbia ambayo watu hawaijui. Kesi ya kawaida ya madai ya kuumizwa ina miaka 3. Kesi ya madhara dhidi ya serikali ina miezi 12 tu. Kama gari la polisi ndilo lililokugonga, anayeshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu kwa niaba ya serikali, na ukizoea kauli ya "tutaangalia mwakani" umeshapoteza. Kama aliyekugonga ni yule aliyekuwa akikimbia, unadai kwake na kwa bima yake. Kama ni wote wawili, wote watajwe, na wakili ndiye atakayegawa.

Fanya kwa mpangilio huu:

1. Hospitali kwanza, hata ukijiona mzima. Hospitali ya Malindi itakuandikia rekodi ya siku ile ile, na siku ile ile ndiyo mahakama inayoiamini. Kama nguvu ya polisi ndiyo iliyokuumiza, askari waliokuwapo wanatakiwa na sheria wakupatie huduma ya matibabu mara moja na kuwaarifu jamaa zako.

2. Ripoti kituoni, chukua namba ya OB, uombe fomu ya P3, yaani ya polisi ya kurekodi majeraha. Fomu haina malipo. Daktari ndiye anayeijaza sehemu ya majeraha, na nakala ubaki nayo.

3. Chukua muhtasari wa polisi wa ajali. Soma kabla hujatoka: namba za vyombo vyote viwili ziwemo, pamoja na kampuni ya bima. Muhtasari ambao umetaja boda peke yake na kulisahau gari la GK urudishe hapo hapo, kwa ustaarabu, hadi usahihishwe.

4. Piga picha alama za breki, vioo vilivyovunjika na mahali magari yaliposimama, kabla mvua au mafagio hayajapita. Weka kiatu au chupa kando ya alama ili ukubwa uonekane.

5. Peleka malalamiko IPOA kwa 1559 au ofisi yao ya Mombasa. Kifo au jeraha baya linalotokana na vitendo vya polisi ni kazi yao ya kila siku, na kulalamika hakulipiwi. IPOA huchunguza askari, haikulipi fidia. Fidia ni mahakamani, na kwa uvunjaji wa haki za katiba Mahakama Kuu ipo hapa hapa Malindi.

Tatizo na dawa yake

*Nilishaanza kukimbia, nimegutuka katikati.* Achia mafuta sasa hivi, usingoje "mahali pazuri". Taa za dharura, indiketa ya kushoto, simama penye watu na mwanga, zima, mikono juu ya usukani au kichwani ukiwa kwenye boda. Usitupe kitu chochote njiani. Kitakachookotwa kitaitwa chako. Akifika, sema "nimesimama" na unyamaze. Maelezo ya kwa nini ulikimbia mpe wakili.

*Askari hana jina wala namba.* Usimwambie avue kofia umwone. Soma namba ya gari, andika saa na mahali. Vikiwa vitatu hivyo, kituo kinaweza kujua nani alikuwa zamu.

*Anayenisimamisha ni askari wa kaunti.* Hao ni wa sheria ndogo za kaunti: maegesho, ada, uchuuzi. Simama uwasikilize, lipa unachodaiwa kihalali kwa njia ya malipo ya kaunti. Wakivuka hapo wakataka kesi ya trafiki, omba muende pamoja kituo cha polisi.

*Nimeambiwa pikipiki inabaki kituoni.* Andika kilomita, mafuta yaliyomo, vioo, betri na helmeti, upige picha pande nne mbele yao, na uombe iandikwe kwenye OB. Nyingi hurudi bila betri, na asiyeandika hana la kudai.

*Walinipiga baada ya kusimama.* Usioshe nguo. Hospitali, OB kwenye kituo kingine kama kile kinakataa, P3, kisha 1559. Kituo kikikataa kukuandika, andika saa uliyokwenda na sura ya aliyekuwa mezani, halafu iripoti hiyo nayo.

*Tarehe ya mahakama imenipita.* Usijifiche kusubiri wakusahau. Nenda mwenyewe masjala ya mahakama asubuhi ukiwa na risiti ya dhamana na sababu yenye karatasi, mathalani ya hospitali au ya msiba, uombe faili lipelekwe mbele ya hakimu siku hiyo. Anayejileta husikilizwa tofauti na anayeletwa na pingu. Fika kabla ya saa tatu, maana foleni ya trafiki huitwa mapema.